Ng'ambo ya Ziwa Wanasoma

Watu wa kanda ya ziwa tuna desturi ya kutazama maji na kuwaza yaliyoko upande wa pili. Bandarini Mwanza habari za Bukoba, Kisumu na Port Bell huja pamoja na mizigo. Lakini kuna habari moja ya ng'ambo ambayo wengi wetu hatukuipata mapema, nayo ni ya Waafrika wenzetu wa karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, ambao ni Wayahudi kwa imani na wanaitwa Abayudaya. Nataka kuieleza kwa sababu inagusa swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu: kwa nini watu wazima huanza kusoma pamoja kwa shangwe, halafu wakaacha?

Swali hilo si geni hapa Mwanza. Kuanzia mwaka 1968 mji huu ulikuwa makao ya mradi mkubwa wa majaribio wa elimu ya watu wazima, uliosaidiwa na UNESCO na kuhusisha mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Mkulima alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba yake, mvuvi kwa kusoma habari za samaki wake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya zilizotakiwa kufuta ujinga kabla ya nyingine. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Matunda yalionekana. Mwaka 1967 zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha asilimia 10 hivi tu. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba karibu asilimia 22 ya watu wazima hawajui. Sababu ni nyingi: uchumi uliyumba, fedha za walimu na vitabu zikapungua, shule za watoto zikadhoofika. Hata hivyo naona kuna sababu nyingine iliyo ndani zaidi. Vikundi vile viliitwa na kampeni, na kampeni ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

Sasa tuvuke maji. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Buganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala nchi ya mashariki, kisha akaona kwamba hawakumpa ukubwa aliotarajia. Alikuwa Mkristo, na Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutolewa kwa Kiganda tangu mwaka 1896. Mtu huyu alikaa chini akaisoma. Alipofika kwenye habari za tohara na Sabato aliuliza kwa nini zimeachwa, na majibu hayakumridhisha. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa tohara ni jambo la Wayahudi, alijibu kuwa basi na yeye ni Myahudi. Mwaka 1922 alichapisha kwa Kiganda kitabu cha sala na maagizo kwa wafuasi wake. Alifariki mwaka 1928.

Historia ina mizaha yake. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imewaahidi Wayahudi wa Ulaya ardhi katika Afrika Mashariki, kwenye uwanda wa Uasin Gishu ambao leo uko Kenya. Mkutano wao mkuu ulibishana kwa uchungu, na mwaka 1905 ukaikataa ahadi hiyo. Wale waliotarajiwa kuja na meli hawakuja. Badala yake, miaka 14 baadaye, Wayahudi wakatokea kilimani Mbale bila meli wala mkataba, kwa sababu tu mtu mmoja alisoma kitabu kwa makini na wengine wakakubali kusoma naye.

Ndugu msomaji, hebu tuangalie namna dini hiyo ilivyolipanga somo. Torati imegawanywa katika mafungu ya kila wiki, na fungu la wiki husomwa mbele ya watu siku ya Sabato. Mwaka ukiisha kitabu kimekwisha, na siku hiyo hiyo ya kumaliza wanaanza upya. Hakuna ofisa wa kuja kutangaza kwamba darasa limefunguliwa. Jua la Ijumaa likitua, limefunguliwa. Tena baadhi ya sala, na usomaji wenyewe wa Torati mbele ya watu, havikamiliki mpaka wapatikane watu wazima kumi. Mtu mmoja akikaa nyumbani kwa uvivu, wenzake tisa wanakwama. Na katika vitabu vya walimu wao wa kale, hoja ya aliyeshindwa huandikwa pamoja na hoja ya aliyeshinda, ili vizazi vijavyo vipime vyenyewe. Usiku wa Pasaka ni mtoto anayepewa kazi ya kuuliza maswali, na wakubwa humjibu kwa kusimulia jinsi watumwa walivyotoka Misri.

Mpango huo ulijaribiwa vikali wakati wa Idi Amin. Ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku, na wengi wakahamia Ukristo au Uislamu. Jamii iliyokuwa na maelfu ikabakiwa na watu 300 hivi, waliosali kwa siri majumbani. Sisi wa Mwanza tunazikumbuka siku hizo kwa namna yetu. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji wetu, na mabomu yake yakaishia kuua wanyama wa hifadhi katika kisiwa cha Saa Nane. Majeshi yaliyopita upande wetu yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilipoanza mwaka ule. Vijana waliotoka Kagera na bunduki hawakujua kwamba usiku ule kuna watu wachache kule Mbale ambao kisa cha Farao kilikuwa kimewashukia mlangoni.

Lililofuata ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu hawakuishia kwenye sala. Vijana wa miaka ya 1980 waliifufua jamii katika kilima cha Nabugoye kwa kuishi, kulima na kusoma pamoja. Mmoja wao, J. J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona yale majengo mawili yakiangamia. Alirudi nyumbani akapita nyumba kwa nyumba, na mwaka 2004 wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Ndugu yake, Gershom Sizomu, alihitimu urabi huko Los Angeles mwaka 2008, na mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, wakamchagua kuwa mbunge. Shule za jamii hiyo hupokea watoto wa dini zote.

Sisemi kwamba tuwe Wayahudi ili tujue kusoma. Ada peke yake inaweza kuwa kasuku, kurudia maneno bila kuyawaza, na nimeona hayo katika dini zetu zote. Lakini somo bila ada nalo ni moto wa mabua. Hapa kwetu tunalo tayari jambo linalofanana na lile la Nabugoye. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walihimiza jumuiya ndogo ndogo, na hadi leo majirani hukutana kila wiki sebuleni kwa mmoja wao, husoma Injili, kisha huulizana nani anaumwa na nani kafiwa. Mimi hukaa katika mikutano hiyo. Nimeona mama muuza dagaa, asiyethubutu kunyanyua mkono kwenye mkutano wa mtaa, akifafanua aya kwa ufasaha na kumpinga katekista kwa adabu. Kitu kinachobaki ni hatua moja tu, kutoka sebule ile hadi ofisi ya mtaa, ambako habari za maji, taka na mapato ya soko husomwa na wachache na kupitishwa na wengi.

Keki na wenzake walianzia na kahawa. Sisi tuna dagaa, sangara na pamba, na ziwa lenyewe ambalo linachafuka tukiangalia. Kitabu cha mapato na matumizi ya mtaa nacho ni kitabu. Kinaweza kufunguliwa kila wiki, siku ile ile, na watu kumi wasiokubali kuondoka mpaka wamekielewa.