Servisi ya gari nyumbani na hatima ya dhamana ya ziada

Wamiliki wa magari mjini Nyeri na katika miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya wana mazoea ya tangu jadi ya kuyafanyia magari yao servisi wenyewe, au kuyapeleka kwa fundi wa jua kali wanayemjua kwa jina na kwa ukoo. Mazoea hayo hayakuzua swali lolote enzi za pikapu za Peugeot 404 na 504, ambazo nyingi zilikuwa zimepitia mikono mitatu au minne kabla ya kufika Othaya au Karatina. Swali huzuka pale gari linapokuwa na dhamana ya ziada, yaani ahadi iliyolipiwa kwamba injini, gia boksi au mtambo mwingine ukiharibika baada ya dhamana ya kiwanda kuisha, yupo atakayegharamia matengenezo.

Je, mwenye gari anayemwaga oili na kubadilisha filta uani kwake huwa anaitupa ahadi hiyo pamoja na oili chafu?

Si lazima. Kinachoihatarisha dhamana hasa si mkono uliolegeza boliti, bali ni kukosekana kwa ushahidi kwamba kazi ilifanywa kwa wakati, kwa oili inayofaa na kwa vipuri vinavyofaa. Hata hivyo, zipo dhamana zilizoandikwa kwa namna ambayo hata ushahidi huo hausaidii kitu, na ni heri kuzitambua kabla ya kutia sahihi.

Watu wengi huita kwa jina moja mambo matatu yaliyo tofauti. Kuna dhamana ya kiwanda, ambayo huja na gari jipya na mara nyingi hudumu miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Bei yake imo ndani ya bei ya gari. Kuna nyongeza ya dhamana hiyo inayouzwa na kampuni iyo hiyo au wakala wake, na hii ndiyo kali zaidi, kwa kuwa kwa kawaida hudai kila servisi ifanywe katika karakana iliyoidhinishwa na mhuri upigwe kitabuni. Kisha kuna ile inayotolewa na mtu wa tatu, kama vile kampuni ya bima au yadi ya magari yaliyotumika. Hii ya mwisho huwa na orodha ya sehemu zinazolindwa na kikomo cha fedha kwa kila dai, na baadhi yake hukubali karakana yoyote mradi risiti ziwepo.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowahusu wakazi wengi wa eneo hili, kwa sababu magari mengi yanayoonekana barabarani huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kanuni za Kenya zimekuwa zikikataza kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, na dhamana ambayo kiwanda kilimpa mnunuzi wa kwanza huko Japani kwa kawaida haivuki bahari pamoja na gari. Karatasi yoyote anayokabidhiwa mnunuzi katika yadi ya Nairobi au Nyeri ni mkataba mpya kabisa, na nguvu yake ni maneno yaliyomo ndani yake.

Mataifa kadhaa yameweka mipaka kuhusu maneno hayo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1975 ijulikanayo kama Magnuson-Moss inakataza kampuni kufanya dhamana itegemee matumizi ya vipuri au karakana ya chapa fulani, isipokuwa vinatolewa bure au kampuni imepata idhini maalumu. Mwaka wa 2022, tume ya biashara ya nchi hiyo iliichukulia hatua Harley-Davidson, kampuni ya pikipiki, kwa sababu ya masharti ya aina hiyo. Lakini Wamarekani hao hao huitenga dhamana ya ziada inayolipiwa kando: kisheria huitwa mkataba wa huduma, wala si dhamana. Jirani wa karibu zaidi ni Afrika Kusini, ambako mwongozo wa Tume ya Ushindani ulioanza kutumika Julai 1, 2021 unawaruhusu wenye magari kuyapeleka kwa karakana huru wakati dhamana ingali hai, na kuwataka wauzaji watenganishe bei ya gari na bei ya dhamana ya ziada ili mnunuzi aweze kuikataa.

Nchini Kenya, mteja hutegemea sheria za jumla. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora wa kuridhisha hata kama hakutamka, na inaelekeza kwamba maneno yenye utata katika mkataba ulioandikwa na muuzaji yafasiriwe kwa faida ya mteja. Kinga hii ya mwisho si ndogo. Mkataba ukisema tu kwamba gari lifanyiwe servisi "ipasavyo" bila kutaja ni wapi na ni nani wa kuifanya, ni vigumu kampuni kugeuka baadaye na kudai ilimaanisha karakana yake pekee. Mkataba ukisema waziwazi kwamba servisi ni kwa wakala aliyeidhinishwa tu, hapo hakuna utata wa kumfaidi mtu.

Umbali ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito katika miji ya mlimani. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni takriban kilomita 150, na kutoka Nanyuki ni karibu 200. Mwalimu wa Mukurweini au mfanyabiashara wa Chuka anayetakiwa kulipeleka gari Nairobi kila baada ya kilomita 5,000 hutumia siku nzima na mafuta ya kwenda na kurudi, juu ya ada ya servisi yenyewe. Kabla ya kununua dhamana ya namna hiyo, gharama ya safari zote za miaka miwili au mitatu inafaa kujumlishwa na bei yake. Kwa wengi hesabu hiyo haitapendeza.

Yule ambaye mkataba wake unamruhusu kujifanyia kazi, au kumtumia fundi wake, ana jambo jingine la kuchunguza: ratiba. Vitabu vya magari huwa na ratiba mbili, ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu. Wengi huisoma ya kwanza. Ila vumbi la barabara za changarawe, milima ya Othaya na Tetu, matope ya mvua ya Machi hadi Mei na mizigo ya majani chai, kahawa na maziwa ni mambo ambayo vitabu hivyo huyaweka katika fungu la matumizi magumu. Mtu anayebadilisha oili kila kilomita 10,000 kwa kufuata ratiba nyepesi, ilhali pikapu yake hupanda mlima ikiwa imejaa kila alfajiri, anaweza kuambiwa kwamba alichelewa kila mara.

Upo pia mtego wa tarehe. Masharti husema, kwa mfano, kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Gari la mtu anayefanya kazi Nairobi, lililoachwa kijijini na kuendeshwa Jumapili tu kwenda kanisani, litafikisha miezi 6 kabla ya kufikisha kilomita 2,000. Servisi huwa imechelewa ingawa gari halikwenda popote.

Kuhusu ushahidi, kazi ya nyumbani inahitaji uangalifu kuliko ya karakana kubwa kwa sababu hakuna mhuri. Risiti ya duka inafaa ionyeshe tarehe, jina la oili, kiwango chake cha ubora na unene, idadi ya lita, na namba ya filta. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono "oili na filta" haielezi chochote. Ni bora kudai risiti ya kielektroniki inayotambuliwa na KRA, kisha kuandika juu yake namba ya gari na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Simu nayo husaidia: picha ya dashibodi ikionyesha kilomita, picha ya chupa za oili na ya filta ya zamani karibu na mpya, zote zikiwa na tarehe. Kazi ikifanywa na fundi, aandike jina lake, kazi aliyoifanya na sahihi. Baadhi ya mikataba hudai fundi mwenye cheti, na hapo vyeti vya mitihani ya ufundi vinavyotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) huwa na thamani ambayo wengi hawakuitarajia walipovifanyia mtihani.

Mengine huivunja dhamana hata risiti zikijaa droo. La kwanza ni kung'oa themostati. Gari likichemka mlimani, fundi wa kando ya barabara huitoa na kusema kwamba haina kazi katika nchi yenye joto. Nyeri si nchi yenye joto, hasa Juni na Julai ukungu unapotanda hadi saa nne asubuhi. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, huteketeza mafuta zaidi, na petroli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili. Tena chanzo halisi cha kuchemka hubaki palepale. Kujaza rejeta maji ya mtoni badala ya kulanti ni kosa la jamii hiyo hiyo, kwani maji hayo huacha kutu na magadi katika njia nyembamba za injini.

Gia boksi za otomatiki zimeleta kosa jipya. Magari mengi madogo kutoka Japani hutumia gia za mkanda, zijulikanazo kama CVT, ambazo huhitaji mafuta yake maalumu. Akiweka mafuta ya gia za otomatiki za kawaida, fundi asiyejua huweza kuiharibu gia boksi nzima, na hakuna dhamana itakayolipia. Vilevile kuna desturi ya kuliinua gari kwa kuweka vipande vya chuma au mpira juu ya springi ili lisiguse matuta ya barabara ya shamba. Kuinua huko hubadilisha pembe za ekseli na kuchosha viungo vyake. Mwenye dhamana ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa, naye mwenye gari hana la kuficha maana springi zinaonekana.

Uhusiano kati ya kosa na hasara ndio kiini cha mizozo mingi. Servisi ya oili iliyofanywa nyumbani haiwezi kuwa sababu ya kuharibika kwa mota ya dirisha au pampu ya usukani wa umeme. Kampuni ikikataa dai la aina hiyo kwa hoja ya servisi pekee, mteja ana haki ya kuomba sababu kwa maandishi. Sehemu ya 107 ya Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai jambo alithibitishe: mteja athibitishe kwamba alitimiza masharti ya servisi, na kampuni inayodai kwamba yeye ndiye aliyeharibu ithibitishe hilo.

Uthibitisho huo hupotea haraka. Gari likikwama Kiganjo au Sagana, jambo la kwanza ambalo wasamaria wema hufanya ni kuifungua injini. Mikataba mingi ya dhamana ya ziada hudai kampuni iarifiwe na itoe idhini kabla ya chochote kufunguliwa, ili mkaguzi wake aone uharibifu ulivyo. Injini iliyokwisha kutawanywa juu ya gunia haimwambii mkaguzi lolote, na dai huishia hapo hata kama mwenyewe hakufanya kosa. Ni afadhali kulipia gari la kukokota.

Maafikiano yakishindikana, malalamiko kuhusu madai ya kupotosha katika uuzaji wa dhamana yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kwa anayetaka kulipwa fedha zake, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka wa 2021 kabla ya kufikishwa katika miji mingine, Nyeri ikiwemo. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na kiwango hicho kinatosha gia boksi nyingi. Mlalamishi anaweza kujitetea bila wakili, na sheria inalenga kesi iamuliwe katika siku 60. Nakala ya mkataba, risiti, picha na barua ya kukataliwa ndivyo vitu atakavyoulizwa.

Jambo la mwisho linamhusu anayeuza gari kabla ya dhamana kuisha. Nyingi hazimfuati mnunuzi mpya zenyewe. Hudai taarifa kwa maandishi ndani ya siku chache baada ya umiliki kubadilishwa katika mfumo wa NTSA, na pengine ada. Rekodi za servisi zilizotunzwa vizuri hukabidhiwa pamoja na funguo, na katika soko la magari la Karatina au Nanyuki mnunuzi makini huziulizia hata pale dhamana yenyewe imekwisha kufa.