Mchoro Uliokataliwa

Mgeni akikuuliza njia hapa Dar es Salaam, humtajii kilomita. Unamwambia: "Panda la Kariakoo, ukishuka unganisha la Mwenge." Basi. Barabara ina kona ngapi, hilo si lake. Anataka kujua apande wapi, abadili wapi, ashuke wapi.

Jambo hilo dogo lilichelewa kuwaingia akilini wakubwa wa treni za chini ya ardhi za London. Hadi mwaka 1932 ramani za abiria zilifuata jiografia yenyewe. Reli ikipinda ardhini, na kwenye karatasi ilipinda. Vituo vya katikati ya jiji vikabanana kama dagaa, vya pembezoni vikatupwa mbali, na vingine havikuenea kabisa.

Mwaka 1931 jamaa mmoja, Harry Beck, alilifikiria tatizo hilo. Kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya mitambo katika ofisi ya ishara za treni, na wakati huo alikuwa amepunguzwa kazini. Hakuna aliyemtuma. Akachukua kalamu na rula, akanyoosha njia zote: za kulala, za kusimama na za mshazari wa nyuzi 45. Akapanua katikati ya jiji, akavivuta karibu vituo vya mbali. Katika vyote vilivyo juu ya ardhi alibakiza kimoja tu, mto Thames.

Yaani alidanganya kuhusu umbali ili aseme kweli kuhusu safari. Sisi tunaohangaika na riwaya tunaijua kazi hiyo.

Akaupeleka mchoro kwa wakubwa. Wakaukataa! Waliona umekwenda mbali mno na mazoea. Mwaka uliofuata Beck akaurudisha. Safari hii wakakubali kwa kujaribu, na Januari 1933 zikachapwa nakala laki kadhaa. Abiria wakazigombea, na muda si mrefu ikabidi zichapwe nyingine.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Wapi! Kwa zaidi ya miaka 25 Beck aliendelea kuulea mchoro wake, akiongeza vituo na kupanga upya mistari. Aliamini wamekubaliana kwamba mabadiliko yote yatapitia mikononi mwake. Mwaka 1960 ikatoka ramani mpya yenye jina la mtu mwingine, Harold Hutchison. Jina la Beck halikuwemo. Akapigania haki yake kwa barua miaka kadhaa, hakufua dafu. Akafariki mwaka 1974.

Ramani ya Hutchison haikudumu. Zilizofuata zilirudia njia ya Beck, na leo ramani ya London ina mstari mdogo unaosema kwamba wazo lilianzia kwake mwaka 1931. Ni heshima, lakini mwenyewe hakuiona.

Mswada wangu wa kwanza umerudishwa mara mbili. Uko chini ya godoro, na nilishaanza kuuzoea huko. Kesho nautoa, nautengeneza, naupeleka tena. Ila wakiukubali, kabla sijawaita washikaji kusherehekea, nitauliza kwanza ilipo karatasi ya mkataba, na jina langu litakaa hapo hadi lini.