Nyumbu wa waya: anza na miguu!

Wadau, ukitaka kutengeneza mnyama wa filamu ya picha mojamoja (unapiga picha, unamsogeza kidogo, unapiga tena), usikimbilie manyoya. Mimi nilianza na nyumbu wetu wa Serengeti: mabega juu, mgongo unateremka nyuma, kichwa kizito, miguu myembamba. Kila nikimsogeza, puu, kifudifudi!

Dawa yake: mifupa ya waya wa alumini, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, nyama ya sponji ya godoro, na nati kwenye kila kwato, bolti ikipenya ubao kutoka chini. Sekunde 1 inakula kama picha 12. Akianguka kwenye ya 11, unarudia zote.

Manyoya yawe mafupi. Ya King Kong wa 1933 yalichezacheza kwa kuguswa na vidole vya mafundi.

Haya, kazi kwenu!