Kola (kinywaji)

Kola ni aina ya soda yenye rangi ya kahawia iliyokoza, sukari nyingi na kafeini kidogo. Jina limetokana na kokwa za miti ya misitu ya Afrika Magharibi (Cola acuminata na Cola nitida), ambazo hutafunwa kwa uchungu wake na kwa kuwa huchangamsha mwili. Chapa zinazojulikana kuliko zote ni Coca-Cola na Pepsi, zote za Marekani. Soda nyingi za jina hilo siku hizi hazina kokwa yenyewe: ni maji yenye gesi, sukari, rangi ya karameli, asidi ya fosforiki, kafeini, na mafuta ya viungo na machungwa. Kopo la mililita 330 la Coca-Cola ya kawaida lina gramu 35 za sukari, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Hayo yanatosha kuhusu kilichomo. Umaarufu wa kola katika sinema, michoro, vita na mazungumzo ya barazani umetokana zaidi na vitu vilivyo nje ya kinywaji: chupa, bei, na mikono inayoifikisha dukani.

Kokwa zilitangulia soda kwa karne nyingi. Misafara ilizibeba kutoka msituni hadi miji ya Saheli, zikatumika katika posa, sala na upatanisho. Miongoni mwa Waigbo, mgeni hupewa kokwa kabla ya neno lolote zito, nayo huvunjwa mbele yake. Msomaji wa Kiswahili aliyepitia Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe, ataikumbuka desturi hiyo.

Atlanta na New Bern

Mfamasia John Pemberton wa Atlanta alijeruhiwa mwaka 1865, mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akawa mtumwa wa mofini. Katika kutafuta dawa mbadala alitengeneza mvinyo uliotiwa majani ya koka. Atlanta ilipopiga kura ya kukataza pombe, mvinyo ukatolewa, ikabaki shira. Tarehe 8 Mei 1886 shira hiyo iliyochanganywa na maji ya gesi ilianza kuuzwa kwa senti tano glasi. Jina la Coca-Cola lilibuniwa na mtunza hesabu wake, Frank Robinson, aliyeona kwamba herufi C mbili zingependeza kwenye matangazo, akaliandika kwa mwandiko wa mkono wa wakati ule. Mwandiko huo ndio uliopo hadi leo kwenye vibao vya maduka. Pemberton alifariki mwaka 1888 bila kuonja utajiri. Aliyeuonja ni Asa Candler, aliyeinunua biashara na kuisajili kuwa kampuni mwaka 1892. Kokaini iliyokuwamo kwa kiasi kidogo iliondolewa mwanzoni mwa karne ya 20.

Pepsi ilizaliwa New Bern, North Carolina, kwa mfamasia mwingine, Caleb Bradham, ambaye kinywaji chake cha mwaka 1893 kilipata jina la Pepsi-Cola mwaka 1898. Bradham alifilisika mwaka 1923 baada ya kubahatisha bei ya sukari. Kilichoifufua Pepsi ni ujanja wa dukani: wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 iliuza chupa ya aunsi 12 kwa senti tano zilezile ambazo Coca-Cola ilikuwa ikitoza kwa aunsi sita na nusu. Mwenye senti tano mfukoni hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Chupa

Candler hakuiamini chupa. Mwaka 1899 alitoa haki ya kuweka kinywaji chake kwenye chupa karibu kote Marekani kwa wanasheria wawili wa Chattanooga, kwa bei ya dola moja. Watengenezaji wa chupa wakaongezeka, na waigaji nao. Mwaka 1915 likatangazwa shindano la kubuni chupa ambayo mtu angeitambua kwa kuipapasa gizani, au hata kwa vigae vyake ikiwa imevunjika chini. Mshindi alikuwa kiwanda cha vioo cha Root, Terre Haute, Indiana. Wabunifu wake walikwenda maktaba kutafuta picha ya koka au kola, wakaangukia katika kamusi elezo picha ya tunda la kakao, lenye mifuo na tumbo lililotuna. Kakao haimo kabisa ndani ya kinywaji hicho. Kamusi elezo hii haina haki ya kuwacheka, kwa kuwa jamaa yake ndiyo iliyowapa wazo.

Umbo hilo ndilo lililoingia katika sanaa. Andy Warhol alichora chupa hizo kwa safu mwaka 1962, akivutiwa na jambo moja: tajiri na maskini hunywa kitu kilekile, na fedha haziwezi kununua kilicho bora zaidi ya kile. Mwaka 1980 Jamie Uys wa Afrika Kusini alitoa filamu ya The Gods Must Be Crazy, ambamo chupa tupu inatupwa kutoka ndegeni na kuangukia Kalahari. Jamaa za mhusika Xi, aliyeigizwa na N!xau, wanaitumia kulainishia ngozi, kupulizia na kutwangia, hadi wanaanza kuigombea. Filamu imelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwachora Wasan, watu wa Xi, kama watoto wasioijua dunia. Lakini katika suala la chupa haikukosea: tupu ilikuwa na kazi nyingi kuliko iliyojaa.

Vita, Ghuba na ladha mpya

Marekani ilipoingia Vita vya Pili vya Dunia, mkuu wa Coca-Cola, Robert Woodruff, aliagiza kila askari apate chupa kwa senti tano popote alipo. Viwanda 64 vilijengwa nyuma ya majeshi kwa ajili hiyo, na vita vilipokwisha vingi vilibaki vikihudumia raia. Tawi la Ujerumani, likiwa limekatiwa shira, lilibuni Fanta kwa mabaki ya matofaa na maji ya maziwa. Ufaransa mwaka 1950 wakomunisti na wakulima wa zabibu walishirikiana kutaka kola izuiwe, muungano usioonekana kila siku. Upande wa Kisovieti ulifunguliwa na Pepsi: mwaka 1959 Nikita Khrushchev alipigwa picha akiinywa kwenye maonyesho ya Moscow, na mkataba wa mwaka 1972 uliruhusu ibadilishanwe na vodka.

Katika Ghuba historia ilikwenda njia nyingine. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliisusia Coca-Cola tangu 1968 hadi 1991 kwa kukubali kiwanda Israeli. Pepsi ikabaki na uwanja peke yake, hata neno bebsi (Kiarabu hakina herufi P) likawa kwa wengi jina la soda yoyote nyeusi. Mwaka 2002 ilizuka Ufaransa Mecca-Cola, iliyoahidi sehemu ya faida kwa Wapalestina.

Kisa cha mwaka 1985 hakikosekani katika masomo ya biashara. Baada ya kuwaonjesha watu takriban 200,000, Coca-Cola ilibadili ladha yake tarehe 23 Aprili. Wanywaji walikasirika kana kwamba wameibiwa, na tarehe 11 Julai ladha ya zamani ikatangazwa kurudi. Waonjaji hawakudanganya: ile mpya ilikuwa tamu zaidi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewauliza kama wako tayari kunyang'anywa ile ya zamani.

Ya baridi au ya moto?

Afrika Mashariki neno kola husikika kwa nadra. Mtu huagiza soda, kisha hutaja chapa, na muuzaji humuuliza: ya baridi au ya moto? Ya moto haijachemshwa. Ni ile tu ambayo haikuingia kwenye friji. Coca-Cola ilifika Kenya mwaka 1948. Tanzania viwanda vyake viligawana nchi, Bonite ikiwa Moshi na Nyanza Mwanza, huku SBC ikitengeneza Pepsi na kampuni ya Bakhresa ikileta Azam Cola. Kreti zilifika vichochoroni kwa mkokoteni na guta, pasipopita lori. Duka likapakwa rangi nyekundu au bluu bila mwenye duka kununua hata debe moja la rangi.

Hapa kola imerithi, bila kukusudia, kazi ya kokwa iliyoipa jina. Mgeni aliyefika ghafla hutumiwa mtoto dukani, na chupa huletwa ikiwa na kizibo chake ili ifunguliwe mbele ya macho yake. Kumkaribisha maji peke yake ni kumwambia kwamba hali ni ngumu. Hela ya soda ni ahsante ndogo, na mara nyingine ni rushwa yenye haya. Kampuni nazo zimejiingiza kwenye burudani: mashindano ya vijana ya Copa Coca-Cola, na kipindi cha Coke Studio Africa kilichoanza mwaka 2013 na kuwakutanisha wanamuziki wa nchi mbalimbali, akiwemo Alikiba.

Ilipotawala chupa ya kioo, mnywaji alikunywa akiwa amesimama dukani au aliacha fedha ya chupa. Plastiki imelegeza kanuni hiyo. Vizibo vya bati hata hivyo bado vina soko lake: wanafunzi wa darasa la kwanza huhesabia, watoto huvitia magari ya waya kama magurudumu, na wazee wa drafti huvifanya kete. Kwenye ubao huo Coca-Cola na Pepsi huweza kuwa timu moja, kwa sababu kinachotenganisha pande mbili ni namna vizibo vilivyolazwa: vya mmoja kifudifudi, vya mwenzake chali.