Kuhamia mji mdogo wa soko Uingereza: mfano wa Market Harborough

Katika simu na ujumbe mnaotutumia studioni, swali la kwenda kufanya kazi Uingereza halikauki. Wengi mnataja London. Lakini anayepata kazi, hasa ya uuguzi au ya kuhudumia wazee, anaweza kupangiwa mji ambao hajawahi kulisikia jina lake: mji mdogo, wenye soko, ulio karibu na majiji makubwa. Katika makala haya tunauchukua mmoja wa namna hiyo, Market Harborough, katikati ya England, tueleze mgeni anakutana na nini huko.

Kwanza, kwa nini uitwe mji wa soko? Zamani za wafalme, mtu hakuweza kuanzisha soko England bila kibali cha mfalme. Wanasheria wa karne ya 13 walisema soko jipya lisiwe karibu na soko jingine kwa chini ya maili 6 na theluthi mbili, yaani kilomita 10 na ushee. Hesabu yao ilikuwa hii: mtu hutembea maili 20 kwa siku. Theluthi ya siku aende, theluthi auze na kununua, theluthi arudi nyumbani kabla ya giza. Anayekwenda gulioni au mnadani kwa miguu hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo maana nchi ile imejaa miji midogo isiyopishana mbali.

Market Harborough una soko tangu miaka ya 1200. Leo una watu wapatao 25,000. Barabara yake kuu ni pana kuliko kawaida kwa sababu biashara ilifanyika hapo hapo barabarani. Karibu na kanisa kuna shule ya zamani iliyojengwa mwaka 1614 juu ya nguzo za mbao. Watoto walisoma juu, na chini akina mama waliuza siagi bila kunyeshewa. Siku hizi soko liko ndani ya jengo, na hata kiwanda kikubwa cha zamani, kilichokuwa kikishona nguo za ndani za kubana kiuno, kimegeuzwa ofisi za halmashauri na maktaba. Mgeni aijue mapema maktaba hiyo. Maktaba za umma kule zina kompyuta na intaneti, na karibu kila jambo la serikali hufanyika mtandaoni.

Mji huo hausimami peke yake. Leicester, jiji kubwa la jirani, liko kama kilomita 24, dakika 15 hivi kwa treni. Northampton iko upande wa kusini. London ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Kwetu mji mdogo maana yake maisha nafuu. Kule, mji mdogo wenye kituo cha treni ya London unaweza kuwa na nyumba za bei juu, kwa sababu mtu mwenye mshahara wa jiji anaweza kulala huko na kwenda kazini asubuhi. Kabla ya kusaini mkataba wa kazi, uliza kodi ya nyumba ya mji huo wenyewe, si ya nchi nzima.

Sheria inamlinda mpangaji kwa kiasi. Kwa nyumba za kawaida, amana haitakiwi kuzidi kodi ya wiki 5, na mwenye nyumba lazima aiweke katika mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Naye ana wajibu wa kuhakiki kama una haki ya kuishi nchini, kwa hiyo usishangae akidai uthibitisho wa viza. Juu ya kodi ya nyumba kuna kodi ya halmashauri, inayolipa uzoaji taka, barabara na kadhalika. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa robo, ila lazima aombe mwenyewe.

Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa ni bure, na hupaswi kukataliwa kwa kukosa karatasi ya anwani. Fanya hivyo wiki ya kwanza, usingoje homa.

Sasa usafiri, ambao kwa maoni yetu ndio mtihani mkubwa. Mhudumu wa wazee mara nyingi hazunguki jengo moja. Huenda nyumba hadi nyumba, vijijini, alfajiri na usiku, saa ambazo basi halipo. Hivyo waajiri wengi hutaka mtu mwenye gari. Leseni ya Kenya au Tanzania hukubalika kwa miezi 12 tu tangu uhamie. Baada ya hapo ni lazima uwe umefaulu mtihani wa maswali na wa barabarani wa huko. Magari hupita kushoto kama kwetu, na hiyo ni nafuu, lakini mitihani ina foleni. Omba nafasi mapema.

Kuhusu kazi yenyewe, yako mambo ya kushika vizuri, maana watu wameuza mashamba kwa kutojua. Tangu Machi 2024, wahudumu wa wazee wanaoomba viza kwa mara ya kwanza hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto. Na tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza imefunga kabisa kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje. Wauguzi waliosajiliwa wao bado wanaweza kuomba. Dalali anayekuambia leo kwamba ana nafasi ya kuhudumia wazee na anataka milioni kadhaa, anauza kitu ambacho hakipo. Kisheria, wakala wa kule haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi.

Upweke nao upo, tusiufiche. Maduka mengi ya mji mdogo hufungwa jioni mapema, na Jumapili maduka makubwa hufunguliwa kwa muda wa saa 6 tu. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni.

Lakini Leicester iko karibu, na Leicester ina historia na sisi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende huko. Walikwenda kwa maelfu, wakafungua maduka, na mtaa wa Belgrave Road leo unajulikana kwa dhahabu, sari na viungo. Si ajabu kumkuta huko mzee mwenye duka, aliyekulia Kampala au Nairobi, ukamwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba.