KOMORO: VISIWA VINNE NA FUNZO LETU WATU WA TANA

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Kila mwaka mabasi hupita Garsen yakipeleka watu Lamu kwenye Maulidi ya Riyadha. Habib Swaleh, aliyeiasisi Riyadha, alizaliwa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Kwa hivyo Wakomoro si wageni kwetu. Ni Waislamu, na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua yaliyowafika?

Visiwa vyao ni vinne: Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore, na vyote vilitawaliwa na Mfaransa. Desemba 1974 watu walipiga kura. Vitatu vikataka uhuru, lakini wengi wa Maore wakataka kubaki na Ufaransa. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah akatangaza uhuru. Hata mwezi haukuisha, akapinduliwa! Mwaka 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, akamrudisha madarakani, na mwaka 1989 akauawa. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali wakajitenga. Katiba ya 2001 ikawarudisha pamoja kwa urais wa zamu, lakini Machi 2008 ilibidi majeshi ya Umoja wa Afrika yatue Nzwani kumtoa kiongozi aliyegoma.

Je, ardhi yao ni kame? La hasha. Wana karafuu, vanila na maua ya langilangi yanayotengenezewa manukato. Tatizo ni kwamba mazao hayo huuzwa ng'ambo, bei anapanga mnunuzi, na mchele wa kula wanaletewa kwa meli. Bei ikianguka, nchi nzima inatikisika. Familia nyingi zinaishi kwa pesa za jamaa walioko Ufaransa. Tusiwacheke. Maembe yetu ya Tana nayo si yanaondoka kwa lori kwa bei ya dalali?

La kusikitisha zaidi ni Maore. Tangu 1995 Mkomoro anatakiwa viza kwenda huko, na mwaka 2011 kisiwa hicho kikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Watu wa Nzwani huvuka kwa vijiboti, kama kilomita 70, na wengi wamezama. Ndugu anakufa baharini akimfuata ndugu!

Na sisi je? Mwaka 2012 hapa kwetu Wapokomo na Waorma tuliuana kwa ajili ya maji, malisho na siasa. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mto mmoja, kibla kimoja, na bado tukachomeana nyumba. Aya ya 103 ya Suratu Aal Imran inatukataza kufarikiana. Wakomoro waligawanyika, na wageni wakapata mlango.

Vijana wenzangu, Ramadhan hii tufuturu pamoja, mkulima na mfugaji. Baada ya Idi tukae tena, tuzungumze maji kabla ya kiangazi na bei ya maembe kabla ya msimu.

Wabillahi tawfiq.