Chamburo, Masango na Kidani

Kamusi kongwe za Kiswahili zimehifadhi neno ambalo leo ni nadra kulisikia hata katika maduka ya masonara: chamburo. Ni bamba la chuma lenye matundu yaliyopangwa kwa ukubwa, la kwanza likipitisha kitu kinene kama penseli na la mwisho likipitisha kitu chembamba kama uzi. Ufito wa shaba uliochongwa ncha huchomekwa kwenye tundu la kwanza, ukadakwa kwa koleo upande wa pili, ukavutwa. Hutoka mwembamba kidogo na mrefu zaidi. Ukivutwa mara mbili tatu hukakamaa na kuanza kukatika, kwa hiyo hurudishwa motoni ulainike, hupakwa mafuta, kisha huhamia tundu linalofuata. Mwisho wa siku ufito wa urefu wa mkono umekuwa dhiraa nyingi za waya.

Fundi wa Arusha anayesuka kidani cha tanzanaiti hana haja ya jasho hilo. Waya anaununua ukiwa umeshavutwa kiwandani. Kinachobaki mikononi mwake ni kuukunja, kuuzungusha na kuusuka mpaka jiwe likae bila gundi wala moto. Mgeni akitazama hudhani kuwa jiwe ndilo kitu cha thamani na waya ni kishikizo tu. Kwa historia ya sehemu hii ya Afrika, mambo yalikuwa kinyume. Waya ulivaliwa, ulihesabiwa mali na ulizikwa na watu wakubwa karne kadhaa kabla ya mtu yeyote kulisikia jina la tanzanaiti.

Ushahidi mmojawapo uliibuka mwaka 1960 katika bonde la Zambezi, upande wa Zambia ya leo, wakati vibarua walipokuwa wakichimba msingi wa matangi ya maji juu ya kilima kinachoitwa Ingombe Ilede. Mswahili hahitaji kutafsiriwa sana jina hilo: ni ng'ombe aliyelala, na linatokana na mbuyu ulioanguka na kufanana na ng'ombe aliyejinyoosha. Chini ya udongo yalikutwa makaburi ya watu walioishi yapata karne ya 15 na 16. Baadhi yao walizikwa wakiwa na bangili za waya wa shaba, ushanga wa kioo na wa dhahabu, na vipande vya shaba vilivyosubuliwa kwa umbo la msalaba. Kando yao zilikuwemo nyundo, koleo na bamba za kuvutia waya, yaani chamburo zenyewe.

Watu hao hawakuzikwa na mapambo tu. Walizikwa na karakana.

Mmoja wao alikuwa amevaa magamba ya konokono wa baharini yaliyokatwa duara, na mojawapo lilikuwa limewekewa bamba jembamba la dhahabu kwa nyuma. Kwa maana ya leo, hicho ni kidani kamili. Gamba lilitoka Bahari ya Hindi, mamia ya kilomita kutoka hapo, kwa njia zile zile zilizoingiza ushanga na nguo bara na kutoa dhahabu na pembe za ndovu kwenda pwani.

Kaskazini zaidi, katika bonde la Upemba huko Katanga, uchimbaji uliofanywa Sanga mwaka 1957 ulifichua makaburi ya watu walioishi takriban miaka 1,000 iliyopita wakiwa na mikufu na bangili za shaba. Ustadi huo haukufia kaburini. Katika karne ya 19 Msiri, mfanyabiashara aliyetoka nchi ya Wanyamwezi na Wasumbwa, alijenga dola lake Bunkeya, na wafua shaba wa watu wake, Wayeke, wakajulikana kama "walaji wa shaba". Walivuta waya kwa nguvu za wanaume kadhaa, kisha wakauzungusha juu ya kiini cha nyuzi au singa kupata bangili nyepesi zinazopindika bila kuvunjika. Waya mwembamba wa kazi kama hiyo Waswahili waliuita udodi.

Mtu akikichunguza kidani cha leo ataiona mbinu hiyo hiyo: waya mwembamba umezungushwa juu ya kitu kingine, mzunguko umebanana na mzunguko, hadi chuma kikawa kama kamba. Tofauti ni kiini tu. Pale palipokuwa na singa ya mkia wa ng'ombe au ndovu, sasa pana waya mwingine ulio mnene zaidi.

Katika karne hiyo ya 19 waya ukawa fedha hasa. Misafara iliyoondoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilibeba aina tatu za mali ya kubadilishana: nguo, ushanga na waya. Waya mnene wa shaba ya manjano uliitwa masango, na Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliliandika jina hilo katika kitabu chake cha 1860. Sehemu ya shehena ililetwa Unguja na Wamarekani wa Salem, Massachusetts, ambao biashara yao ilipata nguvu baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Meli zile zile zilizoleta kitambaa cha merikani zilileta na mizingo ya waya.

Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua frasila 10 za waya, ratili 350, ambazo ni karibu kilo 160. Alichagua namba 5 na namba 6, unene ambao aliufananisha na waya wa simu za telegrafu. Hesabu aliyofundishwa na wafanyabiashara ilikuwa nyepesi: ushanga ni kama senti za shaba, nguo ni kama fedha, na waya, hasa katika nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni kama dhahabu.

Ushanga ulikuwa na udhia wake. Rangi iliyogombaniwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya jirani, na msafara uliokosea kuchagua ulijikuta umebeba mzigo usionunua hata kuku. Masango yalikuwa na nafuu: aliyeyapokea aliyapeleka kwa mhunzi, naye akayageuza yawe vile watu wa kwao walivyopenda. Yakizungushwa mkononi kama springi kutoka kifundo kwenda kwenye kiwiko, yalikuwa kitindi. Yakivutwa tena katika chamburo, yalikuwa udodi. Udodi ukikunjwa pete na pete kupachikana, ulikuwa mkufu.

Kwa mikufu, Wakamba hawakuwa na mpinzani. Gerhard Lindblom, msomi kutoka Sweden aliyeishi nao muda mfupi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, alikuta wanaume wakitengeneza mikufu myembamba ya chuma, shaba nyekundu na shaba ya manjano iliyosifika hadi nje ya Ukambani. Katika miteremko ya Kilimanjaro wahunzi wa Kichagga nao walifua mikufu na mapambo ya chuma yaliyofika hadi kwa Wamaasai.

Joseph Thomson alipopita Umaasaini mwaka 1883, mizigo yake ya waya wa chuma ilikuwa na jina ambalo Mswahili yeyote analitambua hadi leo: seng'enge. Sasa neno hilo linamkumbusha msikilizaji uzio wenye miiba. Wakati ule lilikuwa neno la urembo. Wanawake wa Kimaasai waliuzungusha waya huo mikononi na miguuni, mzunguko juu ya mzunguko, uzito ambao mgeni alistaajabu mtu anatembeaje nao. Masikioni mwao zilining'inia surutia, duara mbili za waya wa shaba uliokunjwa bapa kama nyoka aliyejiviringisha, ambazo bado huvaliwa na kuheshimiwa.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, na pembeni mwa njia zikasimikwa nguzo za waya wa simu. Kwa Wanandi, ambao nchi yao ilipitiwa bila ridhaa yao, hapo palikuwa na mambo mawili kwa mpigo: adui, na mali inayoning'inia hewani maili kwa maili. Waliukata. Waya uliopaswa kupeleka habari za serikali ukageuka bangili na vikuku, na vyuma vya reli vikageuka silaha. Maofisa wa Kiingereza waliorodhesha wizi huo miongoni mwa sababu za kupeleka majeshi, katika vita vilivyoendelea hadi kuuawa kwa kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, mwezi Oktoba 1905. Stanley alikuwa ameufananisha waya wa biashara na waya wa simu. Wanandi hawakuona tofauti yoyote.

Ukoloni haukuyapiga marufuku masango, bali uliyaondolea kazi. Kodi ya nyumba ilitakiwa kwa rupia, si kwa vitindi. Mikufu ya viwandani ilishuka bei madukani. Mhunzi aliyekuwa akivuta waya akaona faida zaidi katika kutengeneza majembe na kuziba sufuria. Pwani, kazi ya vito vya wanawake, vya fedha na dhahabu, iliendelea mikononi mwa masonara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, lakini kazi hiyo ilikuwa ya tanuri na ulehemu. Kusuka waya kwa mikono mitupu kukabaki pembezoni.

Jiwe lilichelewa sana kufika. Mwaka 1967 madini ya buluu yalipatikana Mirerani, kusini mwa Kilimanjaro, na Jumanne Ngoma ndiye anayetambuliwa na serikali ya Tanzania kuwa mgunduzi wake. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York iliyaingiza sokoni kwa jina la tanzanaiti. Hadi leo hayachimbwi kibiashara mahali pengine popote duniani. Mwaka 2010 Tanzania ilizuia kusafirisha nje mawe ghafi yanayozidi gramu 1, kwa kuwa mengi yalikuwa yakienda kukatwa Jaipur, India, na mwaka 2018 machimbo yakazungushiwa ukuta wa kilomita 24.5.

Hapo ndipo waya na jiwe vilipokutana, na sababu mojawapo ni tabia ya jiwe lenyewe. Tanzanaiti hupikwa kwa joto la nyuzi mia kadhaa ili rangi ya hudhurungi igeuke buluu, lakini joto hilo hupandishwa polepole. Moto wa ghafla wa mtungi wa gesi, ule unaotumiwa kulehemu pete, unaweza kulipasua. Lina pia upande mmoja ambao hupasuka kirahisi, mithili ya kuni iliyopigwa shoka kufuata nyuzi zake, kwa hiyo kulitoboa ni kubahatisha. Waya uliosukwa hauhitaji moto wala tundu.

Fundi huanza kwa kukata nyaya tatu au nne za unene wa takriban milimita 1 na kuzilaza sambamba. Hizo ni kama mtande wa mfumaji. Kisha huchukua waya wa unene wa theluthi moja ya huo na kuupitisha kama mshindio: mara mbili kuzunguka nyaya mbili za kwanza, mara mbili kuzunguka ya pili na ya tatu, kisha kurudi. Kila baada ya mizunguko michache huisukuma kwa ukucha ibanane. Kazi ya saa nzima huweza kuzaa utepe wa urefu wa kidole. Utepe huo ndio unaokunjwa kufuata ukingo wa jiwe kwa plaizi ya mdomo mwembamba, ukapita juu mahali jiwe lilipopungua na chini mahali lilipotokeza. Ncha za juu hukusanywa, hupindwa, zikawa kitanzi cha kupitishia mkufu. Anayetaka shaba ionekane ya kale huifungia katika chombo pamoja na yai lililochemshwa, na salfa ya yai huifanya iwe nyeusi. Akiisugua, weusi hubaki kwenye mifereji ya msuko tu.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi hii na nyingine nyingi. Watu husuka nywele, husuka mikeka, na mafundi wa umeme husuka mota zilizoungua. Waya wa shaba wa mota hizo, ukishakwanguliwa vanishi yake, ni mali ghafi nzuri kwa anayejifunza kazi ya vidani, kwani akikosea hapati hasara kubwa.

Kwa uchumi wa vito, faida ya msuko iko kwenye mawe yasiyotamaniwa na wakataji: madogo, yenye mawingu ndani, au yenye umbo ambalo likikatwa litapoteza nusu ya uzito. Jiwe la namna hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa likiwa ghafi. Likifungwa ndani ya msuko wa saa sita, kinacholipiwa zaidi ni mikono ya fundi, na malipo hayo hubaki Arusha, hayaendi Jaipur wala New York. Kwa kipimo hicho biashara ya masango haijafa. Waya bado unaongeza thamani ya kile ulichokizunguka.

Msomaji akikutana na kidani cha aina hii dukani, akigeuze atazame mgongoni kabla ya kuuliza bei. Msuko mzuri una mizunguko iliyobanana bila pengo, na ncha za waya zimefichwa zisikwaruze shingo wala kunasa nguo. Jiwe halichezi likitikiswa sikioni. Na kama fundi mwenyewe yupo, amwulize swali moja la ziada: karakana yake ina chamburo?